Kuvu iliyorudi baada ya rangi: kisa cha kiyoyozi kilichovujia ndani ya ukuta

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Majina, mtaa na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa siku za kazi.

Nyumba ilivyokuwa

Ni fleti ya vyumba vitatu. Kuta ni za tofali za saruji za inchi 6, zimepigwa lipu na kupakwa rangi ya maji. Chumba cha wazazi na cha mtoto wao wa miaka saba vinagawanywa na ukuta mmoja. Juu ya ukuta huo, upande wa wazazi, kimefungwa kiyoyozi cha spliti (yuniti moja ndani, nyingine nje) cha BTU 12,000, kipimo cha nguvu ya kupoza. Upande wa mtoto, ukuta huohuo umefunikwa na kabati la nguo ambalo mgongo wake wa MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ulikuwa umeegemea lipu moja kwa moja. Mtoto ana pumu. Chumba chake hakina kiyoyozi, analala na feni na dirisha wazi.

Mabomba ya shaba yanayopitisha gesi ya kiyoyozi kati ya yuniti ya ndani na ya nje yalifukiwa ukutani tangu nyumba ilipojengwa, takribani mita mbili na nusu hadi ukuta wa nje. Bomba la kutolea maji, PVC ya robo tatu inchi, lilifukiwa pia na likaelekezwa bafuni. Mafundi na wenye nyumba hupenda kufukia hivi kwa sababu chumba kinabaki nadhifu. Lakini kiungo kilichofukiwa kikivuja, hakuna jicho litakalokiona mpaka ukuta wenyewe uoze.

Familia ilihamia Desemba. Kiyoyozi kiliwashwa kila siku kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kikiwa kimewekwa nyuzi 18.

Mambo yalivyofuatana

Mwishoni mwa Februari kabati la mtoto lilianza kutoa harufu ya uvundo. Ikadhaniwa ni nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka sawasawa. Masika yalipoanza mwezi Machi, viatu vya shule vya ngozi vikaota utando wa kijivu, na kwenye kona ya chini ya mgongo wa kabati likatokea doa jeusi lenye ukubwa wa sahani.

Aliyeitwa kwanza ni fundi rangi. Alikwangua doa likiwa kavu, akafuta kwa jiki isiyopimwa, kisha akapaka rangi ya mafuta ili maji yasipite. Siku chache baadaye familia ilisafiri kwa mapumziko ya Pasaka, nyumba ikafungwa siku tisa. Waliporudi ukuta ulikuwa mkavu na harufu imepungua, wakaamini rangi imeshika. Kabla Aprili haijaisha rangi ilivimba malengelenge, na chini ya kila lengelenge kulikuwa na kuvu nyeusi yenye utelezi.

Hapo ndipo mvutano ulipoanza. Mwenye nyumba alisema wapangaji hawafungui madirisha. Wapangaji walisema bafu la ghorofa ya juu linavuja. Fundi bomba alipanda juu, akakagua, akasema bomba ni zima. Mtoto alikuwa anakohoa usiku, mama akamhamishia sebuleni.

Muda wote huo hakuna aliyekitazama kiyoyozi kwa jicho la mashaka, kwa kuwa hakikudondosha hata tone moja upande wa wazazi. Januari kilikuwa kimefanyiwa huduma: filta zilioshwa na gesi ikaongezwa. (Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua kuna mahali inavuja, na fundi anayeongeza bila kutafuta uvujaji amekusogezea tatizo mbele tu.)

Uchunguzi

Mwezi Mei alikuja fundi wa viyoyozi aliyeanza na swali ambalo wengine hawakuuliza: lini ukuta huu uliwahi kukauka? Jibu lilikuwa siku zile tisa za safari. Jirani wa juu alikuwepo na aliendelea kuoga kama kawaida. Kilichosimama siku hizo ni kiyoyozi peke yake.

Kabla ya kugusa ukuta alipima maji. Kipimo hiki hakihitaji kifaa cha gharama na kinafaa kujulikana na kila mwenye kiyoyozi:

1. Zima kiyoyozi kwenye breka. Fungua kifuniko cha mbele, toa filta.
2. Mimina lita moja ya maji polepole juu ya koili (mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa), upande ulio mbali na bodi ya umeme. Kwenye yuniti nyingi bodi iko kulia. Lita hii ni ya kulowesha koili na sinia la chini linalokinga maji yake, haihesabiwi.
3. Weka ndoo tupu kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji. Mimina lita mbili nyingine kwa muda wa dakika kumi, kidogo kidogo, zikiwa na rangi ya chakula.
4. Subiri dakika 15, kisha pima kilichoingia kwenye ndoo.

Bafuni yalitoka lita 1.2. Lita 0.8 hazikuonekana popote. Sinia halikufurika na sakafu ya wazazi ilikuwa kavu. Baada ya kama nusu saa, rangi ya bluu ilijitokeza chumba cha mtoto, juu kidogo ya sketingi, nyuma ya kabati.

Kwa hewa ya pwani wakati wa masika, kiyoyozi cha BTU 12,000 hutoa takribani lita moja ya maji kwa saa, pengine na zaidi. Kwa saa nane ni lita nane. Ikiwa asilimia 40 inapotelea ukutani, lipu ilikuwa inanyweshwa kama lita tatu kila usiku, na mchana haupewi nafasi ya kukauka kwa sababu kabati limeuziba.

Ilipofunguliwa nafasi ndogo nyuma ya yuniti, chanzo kilionekana. Mpira wenye mikunjo unaotoka kwenye yuniti ulikuwa umechomekwa tu ndani ya bomba la PVC na kuzungushiwa tepu, bila soketi ya kuunganishia. Chini ya hapo, kwenye elbo (kona ya bomba), ute mzito wa kahawia uliziba zaidi ya nusu ya njia. Ute huo ni mchanganyiko wa vumbi na bakteria, na huota kwenye kila bomba la kiyoyozi. Maji yalijaa kwenye elbo, yakapanda hadi kwenye kiungo, yakamwagikia ndani ya ukuta. Kiungo kiko chini kuliko sinia, ndiyo maana hayakurudi mbele na kudondoka chumbani.

Bomba lilizibuliwa kwa pampu ya kunyonya kutoka upande wa bafuni. Kupuliza kutoka juu kungesukuma maji yatoke kwenye kiungo kilekile kibovu. Kipimo kikarudiwa: kati ya lita mbili, zikatoka 1.9.

Hapo wengi wangefunga kazi. Fundi huyu alikataa, na huu ndio uamuzi uliookoa kazi nzima. Aliutoa mpira kwenye bomba lililofukiwa, akaupeleka kwenye ndoo chumbani kwa usiku tatu, mdomo wake ukiwa juu ya maji ya ndoo. Ndoo ilipata kati ya lita 7 na 9 kila usiku. Maana yake hakuna tena maji ya kiyoyozi yanayoweza kuingia ukutani kupitia bomba lile. Upande wa mtoto zilibandikwa karatasi mbili za nailoni inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, kingo zote zikafungwa kwa tepu: moja chini kwenye doa, nyingine juu karibu na kona ya nje.

Nailoni husomwa hivi: matone yakiwa upande unaotazama ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu mwingi. Nailoni ya chini ilianza kupungua maji usiku wa tatu. Ya juu ilikuwa na matone mapya kila alfajiri.

Lipu ya pale juu iligongwa, ikatoa mlio wa uwazi. Ilipopasuliwa kwa tindo, sentimita 40 kwa 15, yalionekana mabomba ya shaba yakiwa uchi kwa urefu wa takribani sentimita 30, mahali yalipopindishwa. Sponji ya kuyavika ilikatwa wakati wa kufunga, haikurudishwa. Tundu la ukuta wa nje nalo halikuzibwa, hivyo hewa ya nje ilikuwa inapita kando ya mabomba hadi ndani.

Kwa nini bomba kavu linatoa maji

Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo ni ya kawaida kabisa pwani, huanza kuacha maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 kwenda chini. Bomba la shaba linalorudisha gesi kutoka kwenye koili liko mbali sana chini ya hapo. Na kwenye spliti nyingi za nyumbani mabomba yote mawili ni baridi, jembamba na nene, kwa sababu gesi hupanuliwa kwenye yuniti ya nje. Ndiyo maana kila bomba linatakiwa kuvikwa sponji yake. Kuyafunga mawili pamoja kwenye sponji moja huacha mwanya katikati, na mwanya huo hutoa jasho.

Kanuni hiyohiyo iliugusa ukuta wenyewe. Kiyoyozi kikiwa nyuzi 18 upande mmoja, tofali hupoa. Upande wa pili kuna hewa ya dirisha wazi, na kabati lililojaa nguo linauzuia ukuta usipate joto la chumba. Sehemu ile ya nyuma ya kabati ilikuwa inashuka karibu na kiwango cha kutoa maji hata bila bomba lolote kuvuja.

Kwa hiyo vyanzo vilikuwa vitatu: kiungo cha bomba la maji, shaba iliyo uchi, na ukuta uliopozwa kupita kiasi. Kuvu haihitaji vyote. Kitu kilicholowa kisipokaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, huanza kuota.

Maamuzi na sababu zake

Bomba la maji lililofukiwa liliachwa kabisa. Kulikuwa na njia ya kuchimba ukuta na kuweka jipya, lakini kiungo kingefukiwa tena na ute ungerudi tena. Likawekwa bomba jipya la robo tatu inchi juu ya ukuta, ndani ya kava ya plastiki, likishuka sentimita 2 kwa kila mita moja hadi nje. Mpira uliungwa kwa soketi na gundi ya mabomba. Karibu na yuniti ikafungwa tii (kiungo cha njia tatu) yenye kifuniko cha kufungua, ili kusafisha kusihitaji kubomoa. Mdomo wa nje ukaachwa wazi, sentimita 10 juu ya mfereji. Mwenye nyumba hakupenda kava kuonekana. Alionyeshwa karatasi ya vipimo, akakubali.

Mabomba ya shaba yalivikwa sponji nyeusi ya mpira yenye unene wa milimita 19, kila moja peke yake, maungio yakapakwa gundi na si tepu tupu. Sponji ya milimita 9 inayouzwa sana inatosha mahali pakavu; pwani hutoa jasho. Tundu la nje likazibwa.

Kusafisha kuvu kulifuata baada ya maji kukatika. Eneo lilikuwa takribani mita za mraba 2.5. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, huweka mpaka wa karibu mita moja ya mraba kwa kazi ya kujifanyia mwenyewe bila tahadhari kubwa, kwa hiyo hapa tahadhari ziliongezwa. Mlango wa chumba ulifungwa kwa nailoni, feni na kiyoyozi vikazimwa visisambaze vumbi la kuvu, mtoto akapelekwa kwa bibi yake. Wafanyakazi walivaa barakoa za N95 zinazochuja vumbi laini, miwani isiyo na matundu na glavu ndefu.

Rangi na lipu vilinyunyiziwa maji yenye sabuni kabla ya kukwanguliwa. Kukwangua kukavu, kama alivyofanya fundi rangi, hurusha vijimbegu chumba kizima. Lipu iliyolegea iliondolewa hadi sentimita 30 nje ya doa. Mgongo wa kabati ulifungwa kwenye mifuko na kutupwa, kwa kuwa MDF iliyolowa hadi ndani haisafishiki. Tofali lilisuguliwa kwa brashi ngumu na maji ya sabuni. Jiki ilitumika kwenye sketingi ya vigae tu, mililita 60 kwa lita moja ya maji, madirisha wazi. Kwenye lipu klorini hubaki juu, lakini maji yake huzama ndani na kuilisha kuvu iliyobaki. Na jiki haichanganywi kamwe na siki wala dawa yenye amonia, maana hutoa gesi yenye sumu.

Kiyoyozi nacho kilikuwa na kuvu ndani. Koili ilisafishwa kwa povu maalumu la koili na feni yake ya mviringo ikatolewa ikaoshwa, kwa sababu madoa meusi kwenye mapezi ya feni hupulizwa chumbani kila kinapowashwa. Hapo jiki isitumike, inakula alumini.

Kisha ukuta ukaachwa. Juni hewa ya Dar es Salaam huwa imepungua unyevu, na hilo lilisaidia. Feni ilielekezwa ukutani, milango ya vyumba vyote viwili ikaachwa wazi na kiyoyozi kikiwa kwenye hali ya kukausha. Kila wiki nailoni ilibandikwa saa 24. Wiki ya kwanza maji, ya pili ukungu mwembamba, ya tatu kavu. Lipu mpya ikapigwa, ikaachwa wiki nne, ndipo ikapakwa rangi ya maji.

Matokeo

Ukuta ulifuatiliwa kupitia vuli na masika yaliyofuata. Kuvu haikurudi. Kabati lilirudishwa likiwa na miguu ya sentimita 10 na nafasi ya sentimita 7 nyuma. Kiyoyozi sasa huwekwa nyuzi 25 pamoja na feni.

Oktoba unga mweupe ulitokea juu ya sketingi na familia ikashtuka. Ilikuwa chumvi ya saruji iliyobebwa na unyevu wa mwisho ikaachwa juu maji yalipokauka. Huyeyuka ukiidondoshea maji, na ikisagwa kwa vidole ni kama mchanga laini; kuvu haiyeyuki. Ilipigwa brashi kavu, haikurudi.

Mama anasema kikohozi cha usiku kimepungua sana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2009 inaunganisha unyevu wa nyumba na pumu, kwa hiyo hilo linategemewa. Hata hivyo godoro na mito vilibadilishwa wakati huohuo, na si haki kuupa ukuta sifa yote.

Uchambuzi

Lililofanya kazi kuliko yote ni kupima kabla ya kubomoa. Namba moja, 1.2 kati ya 2, ilimaliza mabishano kuhusu madirisha na bafu la juu. Ilisaidia pia kwenye gharama: vipimo na picha zenye tarehe vilionyesha kasoro ilikuwepo tangu ujenzi, mwenye nyumba akalipia mabomba na lipu, wapangaji wakalipia usafi wa kiyoyozi na kabati.

La pili ni kutenganisha vyanzo. Bila ndoo ya usiku tatu, shaba iliyo uchi ingefukiwa tena, lipu mpya ingelowa, na kila mtu angeapa kwamba bomba la maji limeshatengenezwa. Ingekuwa kweli, na kuvu ingerudi vilevile.

Lililoharibu zaidi ni rangi ya mafuta. Ukuta ulikuwa unapumua kidogo upande wa mtoto. Rangi ile ikauziba, maji yakakosa pa kutokea na kuvu ikapata giza na chakula chini yake. Kosa la fundi rangi linaeleweka, aliitwa kuondoa doa, akaondoa doa. Waliomwita ndio walipaswa kuuliza maji yanatoka wapi.

Huduma ya Januari nayo ilikuwa nafasi iliyopotea. Kuosha filta bila kupima utokaji wa maji ni nusu ya huduma. Kama lita mbili zingemiminwa siku ile, mwezi mmoja tu baada ya familia kuhamia, pengine ute ungezibuliwa na chanzo hicho kimoja kikakomeshwa mapema.

Ratiba iliyobaki nyumbani humo ni fupi. Filta huoshwa kila baada ya wiki mbili. Kila miezi mitatu kifuniko cha tii hufunguliwa, lita moja ya maji ya uvuguvugu humiminwa, na mpira husafishwa kwa pampu. Kipimo cha lita mbili hufanywa Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Februari iliyofuata zilitoka 1.9.

Kiyoyozi cha sebuleni kilifungwa kwa mtindo uleule wa kufukia. Kilipimwa, zikatoka lita 1.95, na nailoni iliyobandikwa nyuma yake ikabaki kavu usiku mzima wa Mei. Ukuta wake haukufunguliwa. Tundu la nje lilizibwa tu, na nailoni itabandikwa tena kila masika.